Sisi wa Akiba, Kule Chini Kwenye Mibuni

Enzi zetu mpira haukuchezwa tu, ulifuatwa. Nasema na wenzangu mliokulia migombani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako kila kipande cha ardhi kilichonyooka kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ameshajenga nyumba juu yake. Shule yetu ilikuwa na uwanja wa kutosha paredi, basi. Uwanja wa mpira ulikuwa kwa Babu Eliakimu, mzee wa kanisa mwenye ng'ombe wawili na maneno machache. Alikuwa amekiacha kipande cha chini cha kihamba chake, shamba la ukoo, bila kulima kwa sababu, alivyosema mwenyewe, watoto wasipokuwa na pa kuchezea wataichezea kahawa yake. Kipande chenyewe kilikuwa kimelala kama paa la nyumba. Goli la juu tuliliita Mlimani na la chini tuliliita Moshi, maana ukisimama hapo siku isiyo na mawingu uliyaona mabati ya mjini yakimetameta huko bondeni.

Nguzo za magoli zilikuwa miti mibichi, na kwetu mti mbichi ukiuchomeka ardhini haukubali kufa. Masika yakiingia, magoli yalichipua. Mechi moja ilisimama muda mrefu kwa sababu golikipa alidai mpira umegonga tawi, na mwamuzi akashikilia kwamba tawi ni sehemu ya nguzo. Baada ya hapo tukawa tunayapogoa magoli kama tulivyopogoa mibuni, na majani tukiwapelekea mbuzi.

Kwenye uwanja wa namna hiyo mchezaji wa akiba hakukaa kwenye benchi. Sisi wa akiba tulikaa chini ya goli la Moshi, ndani ya mibuni, tumetawanyika, na kazi yetu ilikuwa kuudaka mpira kabla haujafika kwenye mfongo. Mfongo ni ule mfereji uliochimbwa na babu zetu kuleta maji kutoka msituni, na mpira ukishaingia humo unasafiri. Siku moja tuliufuata hadi kijiji cha pili, tukakuta mama mmoja ameuanika juani pamoja na nguo zake. Hakuturudishia mpaka tulipomsombea maji.

Kocha wetu alikuwa Mwalimu Ndosi, aliyetufundisha pia hesabu, na mpira wa ngozi aliulaza chumbani kwake ndani ya gunia la sukari. Alikuwa akisema Anaeli ana mbio ila hana mpira, na mimi sina vyote viwili ila nina nidhamu. Anaeli alikuwa rafiki yangu wa nyumba ya jirani na mwenzangu wa akiba, mwembamba, masikio makubwa, na kila siku alifika mazoezini amechelewa akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Kwao na kwetu ng'ombe alitangulia. Mama akiniona nimerudi na magoti ya tope aliniuliza, "Huo mpira unatoa maziwa?" Nikisema hapana, ananikabidhi panga na kamba. "Basi nenda kwa anayetoa."

Nyota wetu alikuwa Godlisten, mtoto wa mwenye duka. Ni yeye peke yake kijijini aliyekuwa na viatu vya mpira, na alivivaa hata kwenda kusaga mahindi. Akifunga goli alikimbia kuupanda uwanja wote hadi Mlimani na kurudi. Akikosa, aligeukia kwenye mibuni na kutupigia kelele, "Akiba, mpira!" kana kwamba sisi ndio tuliokosa.

Mwaka ninaouzungumzia alikosa sana. Tulifungwa na shule ya juu yetu, tukafungwa na ya chini yetu, tukafungwa na kikosi cha vijana wa Katoliki ambacho golini kilikuwa na katekista mwenye kitambi. Tulisafiri hadi Mkuu kule Rombo kwenye lori la mbao, tukafungwa goli la kwanza wakati wengine bado wanatapika pembeni. Kufikia mwisho wa msimu hata bibi zetu walikuwa wameacha kutuuliza matokeo. Walitutazama nyuso tu, kisha wakatuwekea mtori.

Babu Eliakimu alikuwa akizitazama mechi za nyumbani kutoka juu, ameegemea fimbo. Ilipobaki mechi moja, dhidi ya vijana wa Rau, alishuka taratibu mpaka katikati ya uwanja. Tukamwamkia shikamoo kwa sauti moja, akaitika, kisha akamgeukia mwalimu.

"Mwalimu, niliacha kulima hapa nikidhani nimewapa watoto uwanja. Kumbe nimewapa mahali pa kulilia. Mkifungwa na hao wa Rau, napanda majani ya ng'ombe."

Hakuwa anatania. Ardhi ya kwetu ni finyu, na watoto wake wa kiume walikuwa wanamnung'unikia kila Krismasi kwa nini anaiacha sehemu nzuri ikanyagwe bure. Mimi nililia njia nzima hadi nyumbani. Nilikuwa sijawahi kuugusa mpira kwa mguu ndani ya mistari ya uwanja ule siku ya mechi, lakini niliupenda kuliko wote waliouchezea. Nilijua jiwe lake lililojificha chini ya nyasi upande wa kulia, na vichuguu vya fuko, na mzizi unaorusha mpira juu kama umeguswa na mtu. Usipokuwa na kazi nyingine ila kusubiri mpira chini, unajifunza njia zake zote.

Sasa hapo ndipo wakubwa wetu walipofanya kosa ambalo Mchagga peke yake ndiye angeweza kulifanya. Mechi ya Rau ilipangwa Jumapili mchana. Baadaye mchungaji akatangaza kwamba Jumapili hiyo hiyo asubuhi itakuwa kipaimara. Kikosi cha kwanza chote kilikuwa darasa la kipaimara. Sisi wa akiba tulikuwa nyuma yao mwaka mmoja. Rau walikataa kusogeza siku, na Mwalimu Ndosi akapiga hesabu zake akaona hakuna tatizo: ibada inaisha kabla ya saa sita, mechi ni saa tisa, katikati vijana watapumzika.

Mwalimu wa hesabu mzima, tena wa kutoka hapo hapo, akasahau kuhesabu shangazi.

Mnaojua mnajua. Kipaimara kwetu si ibada tu. Kijana akitoka kanisani amevaa suti aliyonunuliwa kubwa ili aikulie, anapitishwa nyumba kwa nyumba: kwa msimamizi wake wa ubatizo, kwa baba mkubwa, kwa mama mdogo, kwa shangazi wote. Kila nyumba ina sufuria ya machalari yenye ndizi na nyama zinazoteleza kwa mafuta, ina pilau, ina soda. Kukataa sahani huwezi. Ukisema umeshiba, mwenye nyumba anakuuliza kwa upole kwa nini umekula kwa fulani na kwake hutaki, na ugomvi huo unaweza kuwafikia hadi wajukuu. Godlisten alikuwa na shangazi wengi kuliko kijana yeyote kijijini, na wote walikuwa wapishi wazuri.

Saa tisa walifika uwanjani wakitembea kama kina mama wanaokaribia kujifungua. Vijana wa Rau walikuwa wameshavaa jezi za kijani mpya, zawadi ya mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini, na wanarukaruka. Tukapewa kushambulia Mlimani kipindi cha kwanza. Yaani vijana wameshiba hivyo, halafu wapande. Godlisten alikimbia mara moja, akasimama, akashika kiuno, akautazama mlima kwa muda. Mara ya pili aliketi. Beki wetu wa kati alikwenda kuegemea mgomba na hakurudi. Rau wakafunga goli moja, wakafunga la pili, na kule juu nilimwona Babu Eliakimu anaupima uwanja kwa hatua, taratibu, kama mtu anayetafuta pa kuanzia jembe.

Mapumziko yalipofika, Mwalimu Ndosi alitelemka hadi kwenye mibuni tulikokuwa. Naye alikuwa msimamizi wa ubatizo wa watoto kadhaa, na alikuwa amefungua kishikizo cha suruali. Hakutueleza mbinu yoyote. Alituuliza swali moja tu.

"Nani hajala?"

Tukanyoosha mikono sote. Watoto ambao hawajapata kipaimara walikuwa wanapakuliwa mwisho, wageni wakishatosheka, na mechi ilikuwa imetukuta bado tunanusa masufuria. Basi tukaingia, pekupeku, na njaa yetu. Godlisten na wenzake wakapelekwa kulala kwenye mibuni tulikotoka.

Wenzangu, siwadanganyi kwamba tulikuwa tunajua mpira. Hatukujua. Lakini kipindi hicho tulikuwa tunashambulia Moshi, kwenda chini, upande wetu, na vijana wa Rau, watu wa tambarare, walikuwa wamezoea mpira unaosimama. Mpira ukipigwa wao waliukimbilia ulipo. Anaeli hakuwahi kuukimbilia ulipo. Aliutazama ukigonga lile jiwe, akageuka, akaenda kuusubiri mahali pengine kabisa, na mpira ukamfuata. Goli la kwanza alifunga hivyo. La pili mpira uligonga mzizi, ukampita kipa juu ya kichwa, na mpaka leo kipa yule ukikutana naye sokoni anauliza nani aliugusa mpira ule.

Ikawa sare, na kelele za kina mama zikaanza kusikika kutoka migombani. Mama yangu mwenyewe alikuwepo, ana mwiko mkononi. Mpira mmoja wa Rau ukatoka nje ukielekea mfongo, ukampita Godlisten pale alipolala. Akautazama ukienda. Anaeli akasimama kwenye mstari, masikio yamesimama, akamwambia kwa utaratibu kabisa, "Akiba, mpira." Nasikia hata mchungaji alicheka.

Goli la tatu ni la kwangu, na nalieleza kama lilivyokuwa. Mtu wetu mmoja alipiga shuti bovu, likawa linakwenda nje kabisa pembeni ya goli. Kila mtu akasimama. Mimi sikusimama, kwa kuwa miguu yangu ilikuwa imezoea jambo moja tu maishani: mpira ukienda chini, ufuate. Nikakimbia kuuwahi usifike kwenye mfongo. Nikauwahi ndani ya mstari bila kujua, nikaukinga kwa goti kama nilivyoukinga mwaka mzima, ukageuka ukaingia golini. Nilikuwa nimeshainama kuuokota niwarudishie wakati wenzangu waliponiangukia mgongoni.

Kesho yake asubuhi tulimkuta Babu Eliakimu uwanjani ana jembe. Kumbe alikuwa anapanda masale kuuzunguka uwanja, yale majani marefu tunayowekea mipaka ya vihamba, ambayo kwetu hakuna mwenye akili anayeyang'oa. Alimaliza mstari, akajinyoosha mgongo, akasema, "Haya. Sasa wanangu wakiuliza, wayaulize masale." Kisha akatuambia tukamkatie ng'ombe wake majani, na tukaenda tunaimba.

Msimu uliofuata Mwalimu Ndosi alimrudisha Godlisten kikosini, na mimi akanirudisha kwenye mibuni na nidhamu yangu. Anaeli hakurudi huko tena. Aliachwa ndani, namba saba, hadi tulipomaliza shule.

Desemba iliyopita nilipanda nyumbani na kijana wangu Brayan. Brayan anawajua kwa majina wachezaji wa akiba wa timu za Ulaya, na shule zao, na wachumba wao. Nilimnunulia mpira na viatu vinavyowaka kwa rangi. Babu Eliakimu alishatangulia zamani. Wajukuu wake wamegawana kihamba chote, wamejenga majumba ya vigae yanayofunguliwa wiki ya Krismasi tu, lakini ndani ya masale hakuna aliyeingiza hata tofali. Uwanja upo. Nyasi zinafika magotini, maana hakuna wa kuzikanyaga, na katikati amefungwa ng'ombe anakula. Nguzo za goli la Moshi zimekuwa miti mikubwa, vilele vimeshikana. Niliona uchungu kuliko kama ningekuta nyumba. Tuliuokoa uwanja, tukasahau kuacha watoto.

"Daah, baba, mbona umelala hivi?" Brayan akauliza. Nikamwambia apige tu. Akapiga, mpira ukapita kati ya ile miti miwili, ukashuka. Yeye akasimama ameshika kiuno, akiniuliza nani anaurudisha, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kukimbia, na kitambi changu na magoti yangu ya hospitali.

Nilikuwa sijafika mbali mpira ulipotokea kwenye mibuni wenyewe, ukaruka juu, ukatua mbele yangu. Nyuma yake akatoka mzee mwembamba mwenye mzigo wa majani kichwani na masikio yale yale, sasa yana mvi.

"Umechelewa," Anaeli akaniambia. "Ungekuta uko kwenye mfongo."

Nikamwambia mfongo umekauka, nimeuona nilipopita, hauna hata tone.

"Najua," akasema. "Ila miguu haijaambiwa."

Akatua mzigo wake, akaweka viganja mdomoni, akamwita mwanangu aliyekuwa bado amesimama kule juu na viatu vyake vinavyowaka.

"Kijana, shuka huku. Akiba tumebaki wawili."