Mwaka Tuliopanda Mtama Mwekundu

Mwishoni mwa kiangazi, upepo unapoanza kugeuka na vumbi kuingia mpaka kwenye meno, kila mtu huku kwetu huwa na neno lake juu ya mvua. Mwaka ule maneno yalikuwa mengi kuliko kawaida, kwa sababu misimu miwili ilikuwa imepita bila mavuno ya maana, na watu walikuwa wamechoka kutazama juu.

Mimi nilikuwa natumwa na boma la Dodoma. Kazi yenyewe haikuwa kubwa: kufagia, kubeba, kupeleka maneno kwa majumbe. Lakini nilikuwa nimejifundisha kusoma mwenyewe, kwa kitabu cha misheni kisicho na kurasa za mwanzo, na tangu hapo nilijiona mtu asiyepaswa kukosea. Nikikosea neno moja mbele ya watu, lilinisumbua siku nzima. Nikifagia, narudia kufagia.

Bwana wa boma, Mdachi, alipata habari kwa waya kutoka Tabora na Kilosa, akazilinganisha na chombo chake cha kupimia hewa, cha kioo chenye sindano, kisha akaagiza majumbe wote waambiwe hivi: mvua huenda zikachelewa, watu wasipande kabla ardhi haijalowa, na mtu asile mbegu zake, kwa maana boma halina mbegu za kugawa. Nilipewa upande wa magharibi, karibu na Zuzu, ambako ndiko nyumbani. Njia nzima niliyarudia maneno yale kwa sauti, nisije nikaruka hata moja.

Jumbe aliwakusanya watu, nikasimama na kanzu yangu nyeupe, nikasema yote bila kukwama.

"Kwa hiyo mvua inakuja au haiji?" jumbe akauliza.

"Huenda ikachelewa, mzee."

"Huenda. Hata mbuzi wangu ananiambia huenda, na yeye hana waya."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilirudia lile neno la mwisho kwa nguvu zaidi, kwamba asile mtu mbegu zake, nikamkazia macho mzee mmoja aliyekuwa anasinzia. Mama alikuwa amekaa upande wa wanawake. Nilimwona akinitazama kwa fahari, na nilifurahi.

Nililala nyumbani nikitarajia kurudi Dodoma asubuhi. Lakini kumbe wanawake walikuwa wamepanga siku yao. Kwetu ukame ukizidi, husemwa kwamba upepo wa nchi umeharibika, na wanaume wakishashindwa kuutengeneza, kazi hiyo huwa ya wanawake. Huvaa nguo za waume zao, hushika mikuki na fimbo, huswaga ng'ombe kama wachungaji, na kuupeleka ule upepo mbaya magharibi, kuutupa kule kwenye mabwawa ya Bahi, yaliyokuwa yamekauka hata hayo. Siku hiyo mwanamume hukaa ndani na kufanya kazi za mwanamke. Anayeonekana njiani hupigwa na kutukanwa, na hana pa kushtaki.

Nilipotoka mlangoni na kanzu yangu nilimkuta shangazi, dada yake baba, amejifunga shuka la marehemu mumewe, mkuki begani.

"Shikamoo, shangazi."

"Shangazi yako ni nani? Mimi ni mume wako. Unakwenda wapi na gauni hilo?"

"Nina kazi ya serikali."

"Serikali ndiyo iliyokulipia mahari?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akanisukuma kwa fimbo, si kwa nguvu, mpaka nikarudi ndani. "Mke huyu ana mdomo," akasema. "Tukirudi tukute ugali. Na usiwe na mchanga."

Baba alikuwa mbali, kwenye kazi za reli upande wa Tabora, kwa hiyo nyumbani mwanamume nilikuwa peke yangu. Mama naye alikuwa amevaa nguo za baba. Sikuweza kumtazama vizuri. Akapita mlangoni akasema tu, "Nafaka iko ndani, mwanangu," akawafuata wenzake.

Nitasema ukweli: nilikasirika, halafu hasira ikageuka kuwa kiburi. Kama ni ugali, nilijiambia, nitapika ugali ambao hawajawahi kuuona. Niliingia chumba cha ndani, ambamo tangu utoto sikuwa na ruhusa ya kugusa kitu, maana akiba ya chakula kwetu ni mali ya mwanamke. Niliona kilindo kikubwa, lile pipa la gome la mti la kuwekea nafaka, karibu kitupu. Mtama uliobaki ndani yake ulikuwa umetobolewa na wadudu na kuchanganyika na makapi. Pembeni, juu ya ubao, palikuwa na kikapu kidogo chenye kifuniko. Ndani yake mtama mweupe, punje nene, zote sawasawa, kana kwamba mtu alizichagua moja moja.

Nikaona mama amenitayarishia.

Ulikuwa na unga mweusi kidogo uliojipaka kwenye punje, kama masizi. Nikaupepeta. Haukutoka wote, nikauosha, na maji tuliyoyateka kwa taabu nikayamwaga nikaosha tena, mpaka punje zikang'aa. Nikaanika, nikapiga magoti kwenye jiwe la kusagia kama nilivyoona wanawake wakifanya, na nikasaga mpaka ngozi ya viganja ikatoka. Unga uliokuwa na chenga niliurudisha kwenye jiwe. Nilitaka uwe laini wote.

Walirudi jua likiwa limeshuka, wamejaa vumbi, sauti zimewakauka kwa kuimba. Niliweka ugali na mlenda. Shangazi akamega, akatafuna.

"Haya," akasema. "Mke wangu huyu simrudishi kwao."

Mama alikuwa amekwisha kunawa. Alimega tonge, akalitazama jinsi lilivyo jeupe. Akainuka, akaingia ndani, akakaa huko muda, akatoka.

"Umesaga nafaka ipi?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Ile safi, mama. Nimeiosha na dawa yake ya wadudu ikatoka yote."

Aliketi akala pamoja na wengine, na shangazi alipotania kuhusu kuongeza mahari, alicheka kama wote. Walipoondoka ndipo akaniambia, akiwa anakusanya vyombo.

"Ile ilikuwa mbegu. Na ule weusi si wa wadudu. Ni dawa ya mtemi ya kubariki mbegu, tulikwenda kuichukua wanawake wote pamoja."

Mtama ule aliutoa kwao alipoolewa, kutoka kwa mama yake, na uliwahi kustahimili miaka mibaya kuliko hiyo. Nilimwambia nitazunguka kwa majirani asubuhi kuomba kidogo kidogo.

"Utawaambia nini?" akauliza. "Wewe ndiye uliyewaambia wasile."

Akaenda mwenyewe Mvumi kwa kaka yake, kwa miguu. Mjomba hakuwa na mweupe, alikuwa na mwekundu, ule mchungu wa kupikia pombe, na hata huo alitoa shingo upande. Tuliupanda huo. Mvua zilikuja, hazikuwahi wala hazikuchelewa sana, na shamba letu likatoa masuke mekundu katikati ya mashamba ya watu yaliyokuwa meupe.

Wakati wa mavuno nilipewa ruhusa, nikaenda kusaidia kupura. Shangazi alikuja na wanawake wawili, akachukua suke moja akaligeuza mkononi.

"Wifi, ule mtama wenu mweupe uko wapi?"

"Wadudu waliingia," mama akasema.

Kwetu mwanamke ambaye mbegu zake zimeingiliwa na wadudu ni mvivu. Hakuna anayelisema jambo hilo, na hakuna asiyelijua. Wale wawili walitazamana.

"Hukuweka majivu?" shangazi akauliza taratibu, kama mtu anayemwuliza bi harusi.

"Nilisahau."

"Mwaka ujao nitakuja nikuwekee mwenyewe," shangazi akasema, na mama akaitikia ahsante.

Nilikuwa nimeketi hatua chache tu kutoka kwao, nimeshika fimbo ya kupuria. Mama hakunitazama. Nadhani alifanya makusudi, ili nipate nafasi ya kusema au ya kunyamaza, bila kunilazimisha. Nikainua fimbo, nikaendelea kupura.