Siku Niliyotoka Ndani ya Eda

Mume wangu alipofariki tulikuwa tunakaa Makorora, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nikakaa eda kama alivyoikaa mama yangu: shuka nyeupe, chumba cha ndani, hakuna kutoka. Wifi yangu, dada wa marehemu, alihamia kwangu kunihudumia, na kunichunga pia. Sikulalamika. Nilimpenda mume wangu na nilitaka kumkalia.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa binti wa Kishambaa, Mlutheri, mja mzito. Mumewe alikata mkonge shambani, akirudi mwisho wa juma tu. Mjini hapa hakuwa na mama wala shangazi.

Adhuhuri moja wifi alikwenda harusini Chumbageni, na nusu ya mtaa ikaenda naye. Nikamsikia yule mtoto wa watu: "Mama, nafa. Mama, njoo."

Niliita jirani wa upande wa pili, kimya. Nikajitanda shuka, nikapita barabarani mchana kweupe, mbele ya mafundi waliokuwa wakiezeka makuti. Nilipofika, kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshatokeza. Nikampokea, mtoto wa kike. Nikakaa mpaka kondo la nyuma likatoka.

Wifi alinikuta mlangoni narudi, shuka imelowa damu.

"Kaburi la kaka yangu halijakauka, nawe uko njiani?"

"Nimetoka kuzalisha."

"Eda ni eda, wifi. Na yule hata si wa dini yetu."

"Aliniita mama. Nimjibu nini, asubiri nimalize eda?"

Akataka niianze upya. Nikakataa. Akataka niwaombe radhi wazee wa ukoo. Nikakataa.

Kesho yake akaenda kwa shehe, akarudi uso umekunjuka. "Kasema ilikuwa dharura. Huna dhambi, alhamdulillahi."

Ndipo nilipokasirika kweli.

"Na angesema ninayo?"

"Hakusema. Mbona watafuta maneno?"

"Basi sikiliza, wifi. Angesema ninayo, na yule binti akaniita tena leo, ningetoka tena. Sikwenda kwa ruhusa ya mtu."

Eda yangu niliimaliza siku ileile iliyokuwa imepangwa tangu mwanzo, sikuongeza hata moja. Wifi alikaa nami mpaka mwisho, akanipikia na kunifulia kama kawaida. Ila kula nami sinia moja, hakula tena.