Bao la Pili la Kasuku

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Alikuwa Kasuku tu, na hata mkewe akikasirika alimwita hivyo hivyo. Jina lilimkaa sawasawa. Kazi yake ilikuwa kutangaza mpira, na akishashika kipaza sauti maneno yalimtoka mfululizo mpaka ukajiuliza anapata wapi nafasi ya kuvuta pumzi. Nyumbani pia hakunyamaza. Mkewe alisema mwanamume huyu hata chai anaitangaza: sufuria imewekwa, moto unapanda, majani yanaingia kwa kasi! Alisema hivyo akicheka, maana alimpenda hivyo alivyo, pamoja na kelele zake zote.

Msikilizaji wake wa kwanza alikuwa kaka yake. Kaka mtu alikuwa seremala, mrefu wa kupitiliza, na zamani wakienda uwanjani ndiye aliyembeba Kasuku mabegani ili naye aone. Baadaye presha ya macho ikamwingia, ikamla nuru taratibu, jicho moja kisha la pili, mpaka akaiweka randa chini. Tangu hapo mechi zote alizitazama kwa mdomo wa mdogo wake. Kila mechi ilipokwisha alipiga simu kuuliza yale ambayo hayakutangazwa: nyasi zimekatwa? Upepo ulitoka upande gani? Kocha wa timu ya bluu alikuwa na uso gani baada ya kufungwa? Kasuku alimjibu yote, na hakuna sehemu ya kazi yake aliyoipenda kuliko simu ile.

Halafu teknolojia ikabisha hodi. Zamani kituo kilipeleka uwanjani gari kubwa la matangazo na watu tele: wapiga picha, mafundi wa kuvuta nyaya, mwongozaji anayefoka ndani ya gari, na Kasuku mwenyewe juu kabisa ya jukwaa kuu, jua likimchoma upande mmoja wa uso. Sasa gari lile limeegeshwa nyuma ya kituo, na kuku wa mlinzi wanatagia chini yake. Uwanjani imebaki milingoti yenye kamera zinazogeuza shingo zenyewe kuufuata mpira, na fundi mmoja wa kuziangalia. Picha zinasafiri kwa mtandao mpaka mjini. Kompyuta inachagua ipi ionekane, inakata marudio ya bao na kuyarusha kabla hujapiga chafya. Kasuku naye alihamishiwa chumba cha matangazo kituoni, mbele ya kioo kikubwa cha televisheni, chini ya kiyoyozi. Nyuma ya ukuta wa vioo alikaa mwongozaji, dada mmoja mpole aliyefanya peke yake kazi ya gari zima.

Tuseme kweli, raha ilikuwepo. Hakuna kupanda ngazi na magoti yale, hakuna kulowana, na kamera zilimwonyesha hata ncha ya kidole cha kipa kilichogusa mpira. Shida ilikuwa moja. Mdomo wake ulishazoea kusema "hapa uwanjani", na uliendelea kusema. Alipomuuliza mkuu wa vipindi kama si vizuri kuwaambia watu, alijibiwa kwamba mlaji haulizi jikoni kumepikwaje. Basi kaka mtu alipouliza habari za nyasi, Kasuku alikumbuka alichoona kwenye kioo. Alipouliza upepo, Kasuku alitunga. Alijiambia ni uongo mdogo, wa kutia ladha tu, na roho iliyomsuta mwanzoni ikachoka kumsuta.

Ikaja Jumapili ya timu ya bluu na timu nyeupe, mechi ambayo mtaa mzima ulikuwa unaisubiri. Sauti ya Kasuku ilikwenda kwenye televisheni na redio kwa pamoja. Sasa, yeye alikuwa na desturi yake. Bao likiingia alilia nalo mpaka koo likauke, kisha akainama, akafungua chupa, akanywa maji bila haraka. Uwanjani desturi hiyo haikumdhuru mtu: wachezaji wanakumbatiana, refa anatazama saa, muda upo. Winga wa bluu akafunga, Kasuku akalia nalo, akainama. Alipokuwa chini ya meza akitafuta kifuniko cha chupa, nembo ya kituo ikapita kwenye kioo kuwajulisha watu kwamba yanayofuata ni marudio. Yeye hakuiona. Aliinua kichwa akamkuta winga anakuja tena, safari hii kwa kamera mpya iliyofungwa nyuma ya goli juma lile, pembe ambayo Kasuku hakuwahi kuitazama maishani mwake.

"Anakuja teeena!" alipasua. "Yule yule! Na beki yule yule ameshalala chini! Hivi hawa hawajifunzi? Anapiga kwa guu lile lile la kushoto... Goooli! Bao la pili! Wapenzi wasikilizaji, haya ni mabao pacha, ukiyaweka pamoja huyatofautishi!"

Kwenye hedifoni mwongozaji alikuwa anaita, "Mzee, ni marudio! Ni marudio, mzee!" Lakini Kasuku hakupenda kusemeshwa akiwa kazini, na sauti ya dada yule alikuwa ameishusha tangu mwanzo wa mechi. Alimwona tu alipogeuka, amejibandika kwenye ukuta wa vioo akipunga mikono yote miwili. Kwenye televisheni mpira ulikuwa unaanzishwa katikati, na ubao ulisoma moja kwa bila.

Jasho lilimtoka kiyoyozi kikiwaka. Kusema "nimekosea" kungemchukua pumzi moja tu, lakini aliona aibu, na mwenye aibu hutafuta mlango wa uani.

"Naaam!" alisema. "Mshika kibendera ameinua! Amelikataa bao la pili! Ameotea, ndivyo anavyosema yeye!" Akaendelea na mpira kana kwamba hakuna kilichotokea.

Waliokuwa mbele ya televisheni walicheka mpaka wakashika mbavu. Waliokuwa na redio tu waliamini. Jioni ile Kasuku aliiweka simu mezani, akaisubiri, na kaka mtu hakupiga.

Kesho yake hakuweza kuvumilia, akaenda. Shemeji yake alimfungulia mlango, uso wake ukiwa katikati ya kicheko na huruma.

"Karibu, shemeji. Ila ukimwona usishtuke."

Kaka mtu alikuwa ameketi wima kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe. Ndevu za shavu la kulia zilikuwa zimenyolewa safi. Za kushoto zilikuwepo zote.

"Kaka, vipi tena hizo ndevu?"

"Nimemwachia kinyozi wembe wake mkononi," alisema kaka mtu, hasira bado inamchemka. "Anasema hakukuwa na bao la pili, eti ulitangaza marudio. Yeye anacheka, wateja wanacheka, wote wanajidai na televisheni yao. Nikawaambia, ninyi mnaangalia kijisanduku hapo ukutani, mdogo wangu alikuwa pale pale uwanjani, juani! Nimwamini nani? Nikainuka."

"Na povu usoni," shemeji aliongeza. "Nimemfuta mimi."

Kasuku alivuta kigoda, akaketi karibu na magoti ya kaka yake.

"Kaka, kinyozi hajakosea. Yalikuwa marudio. Halafu mimi sikuwa uwanjani. Tangu waweke zile kamera natangazia chumbani, mjini. Naangalia kioo kama kinyozi anavyoangalia."

Kaka mtu alimgeuzia sikio.

"Na upepo?"

"Upepo nilikuwa natunga."

"Na kocha aliyetupa kofia chini?"

"Huyo nilimwona kweli. Kwenye kioo."

"Na mshika kibendera?"

"Masikini ya Mungu, hakufanya lolote. Nilimsingizia."

"Lo! Nami nimemtukana mpaka ukoo wake." Kaka mtu alipapasa shavu lake la kulia, kisha la kushoto, kama anayekagua ubao alioukata. Aliposema tena, hasira ilikuwa imemtoka. "Unajua, mdogo wangu, nilisikia uwanja kimya. Bao la kwanza watu walilia mpaka redio ikakoroma. La pili, kimya, sauti ni yako peke yako. Nikashangaa. Kisha nikasema, kama wewe umeona, basi uwanja mzima umelala."

Kasuku akalia. Alilia waziwazi, mtu mzima mwenye mvi, akiwa ameshika mikono ya kaka yake, na alijisikia mdogo na mwenye bahati isiyomstahili. Shemeji alikumbuka ghafla kwamba ana kitu jikoni.

"Basi, basi," alisema kaka mtu. "Kukosea si kitu. Mimi nikiwa na macho yangu yote nilipima mlango nikamkatia mteja dirisha. Lakini wenzangu wana vioo vya kuhakikishia. Mimi nina wewe. Ukiwa chumbani niambie uko chumbani, nijue nakusikilizaje."

Waliongozana mpaka kwa kinyozi, wameshikana mikono. Kasuku alisimama mlangoni, akawaambia waliokuwemo kwamba kaka yake hana kosa, aliyedanganya ni yeye. Watu walitazama sakafu. Kinyozi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alipangusa kiti kwa taulo safi.

"Sawa, Kasuku. Lakini Jumapili ijayo nani atakuamini?"

"Nyoa," alisema kaka mtu, akainua kidevu.

Jumapili ilipofika, mkuu wa vipindi alipita chumbani kumkumbusha Kasuku kwamba yaliyopita yamepita, asiyafukue. Kasuku aliitikia kwa heshima. Kisha akaipandisha sauti ya mwongozaji kwenye hedifoni, akasogea kwenye kipaza sauti.

"Wapenzi wasikilizaji, niko chumbani, mjini, mbali na uwanja. Nakiona kile ambacho kamera inanionyesha, upepo siujui. Jumapili iliyopita niliwaambia bao la pili limekataliwa. Halikuwepo. Mshika kibendera hakukosa, nilikosa mimi. Sasa timu zinaingia."

Mkuu wa vipindi alishika kichwa. Mwongozaji alijifanya anatafuta kitu kwenye kompyuta. Na kule nyumbani, kwa maneno ya shemeji, kaka mtu alisikiliza mpaka mwisho bila kutikisika, kisha akanyoosha mkono akaongeza sauti ya redio.