Kanda Mpya Tuliyoihukumu Mbumbuni

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na miaka ile ya themanini hakuna kilichonipandisha mori kama mtu kuniambia kwamba reggae zote ni wimbo mmoja. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Mbumbuni. Sikuwa na mke wala baiskeli, lakini nilikuwa na redio-kaseti ya mawe sita, yaani betri zile kubwa, na redio hiyo ndiyo iliyonipatia marafiki wawili.

Wa kwanza alikuwa seremala wa rika langu, mwembamba, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi siku zote. Wa pili alikuwa mama mwenye hoteli ya chai pale sokoni, mtu mzima kutuzidi, ambaye tulimwita mwaitu, kama mtu anavyomwita mama yake kwa Kikamba. Watoto wake walikuwa wakimwonea haya kwa kupenda reggae. Alipenda besi, akisema inamtuliza mgongo.

Bendi yetu ilikuwa moja tu, ya wazee wa ng'ambo waliokuwa wakipiga reggae yenye magitaa ya rock tangu sisi tukiwa na kaptula za shule. Nusu ya maneno yao hatukuyaelewa, lakini tuliyatetea yote. Seremala alikuwa nazo kanda zao kumi na moja, kwenye kisanduku alichokitengeneza kwa mbao za mukau, mti mgumu wa kwetu. Ukitaka kuazima moja, ilibidi kwanza akutazame mikono kama ni safi.

Kisha bendi ikanyamaza miaka mingi. Tukasikia kwamba mwimbaji aliugua, kwamba sauti imekwenda. Basi mwisho wa mwezi mmoja nikiwa Machakos kwa shughuli za shule, nikaiona kanda yao mpya dukani, nikainunua bila kuuliza mara mbili, nikarudi nayo nimeiweka kwenye mfuko wa shati.

Nilimkuta seremala ameokoka. Sikushangaa sana. Mama yake alipougua, akina mama wa kanisa walimbeba kwa machela hadi barabarani wakipokezana, na baadaye wakamlimia shamba. Mtu akitendewa hivyo hubadilika. Lakini kanisa lile lilikuwa na desturi yake. Aliyeokoka karibuni alileta mbele ya watu kitu kilichokuwa kimemfunga, ugoro au kibuyu cha pombe, kikachomwa nyuma ya jengo huku wakiimba. Hakuna aliyemlazimisha mtu. Kila mmoja alijua mwenyewe ni kitu gani.

"Mwalimu, mimi Jumapili napeleka kanda zangu," aliniambia. "Lakini hii mpya lazima niisikie kwanza. Kama wamepiga vile wao hupiga, sijui kama nitaweza kuziacha. Nakuambia ukweli."

Tulikubaliana tuisikilize Jumatano, siku ya soko, nyuma ya hoteli ya mwaitu. Na hapa lazima niseme jambo linalonitia aibu mpaka leo. Nilikuwa na mawe mapya sita ndani ya sanduku la nguo. Nilikuwa nimetuma kadi ya salamu redioni, na kipindi kilikuwa Jumamosi ya juma lililofuata, kwa hiyo nilikuwa nimeyatunza ili nilisikie jina langu likitajwa kwa sauti safi. Ya zamani niliyaanika juu ya mabati tangu asubuhi, kama tulivyofanya sote, yapate joto yarudishe nguvu. Tena kanda nikairudisha nyuma kwa kalamu, nisiyachoshe. Nilijiona mtu mwangalifu sana.

Tukasikiliza. Mwimbaji alikuja na sauti nzito, ya chini, kama anayesukuma gunia. Ngoma zilijikokota. Wimbo wa tatu ulipoanza, mwaitu aliweka kikombe chini.

"Ai! Huyu ni yeye kweli?"

"Ni yeye, ni vile amekuwa mgonjwa," nikasema, kwa ule ujuzi wetu wa walimu. "Sikieni hiyo sauti. Imeisha."

"Na hao wa gitaa, wao pia walikuwa wagonjwa?" mwaitu akauliza. "Wanapiga ni kama wanatoka mazishi."

"Ni uzee, mwaitu. Wamechoka."

Seremala alisikiliza mpaka upande wa pili ukaisha. Sisi wawili tulibishana kama wanaigiza reggae za zamani au wamekata tamaa, na mimi nikatoa hotuba ndefu kuhusu wanamuziki wasiojua wakati wa kustaafu. Ndipo akainuka, akajipangusa suruali.

"Asanteni," akasema. "Mmenisaidia. Imekuwa rahisi."

Jumapili nilikwenda kanisani, mimi nisiyeenda. Alizitoa zote kumi na moja. Akashuhudia kwamba alidhani itakuwa vigumu, lakini Mungu amemwonyesha kwamba hata bendi yenyewe imekwisha. "Sijaacha kitu," akasema, na watu wakacheka, wakampigia makofi. Moshi wa kanda ni mchungu, unakaa kooni. Nilirudi nyumbani nikiwa na huzuni, lakini pia nikimfurahia.

Jumamosi iliyofuata nikaweka mawe mapya. Kipindi cha salamu kikaja kikaisha, kadi yangu haikusomwa. Nilikasirika nikaona heri nisikilize chochote, hata ile kanda ya wazee waliochoka.

Sijui niseme vipi. Ngoma ziliingia mbio, gitaa likapaa, na mwimbaji akaimba kwa sauti nyembamba na kali kuliko miaka yote niliyomjua. Wimbo wa tatu, ule wa mazishi, ulinisimamisha. Nilicheza peke yangu ndani ya nyumba, halafu nikaacha ghafla na kukaa kitandani. Mawe yangu ya mabati ndiyo yaliyokuwa yamechoka, yakaizungusha kanda polepole. Sisi tulikuwa tayari tumeambiwa kwamba wazee wamekwisha, basi tukasikia tulichotarajia kusikia.

Nilikaa na neno hilo majuma mawili. Kisha nikapanda njia ya Mbooni, ambako seremala alikuwa akitengeneza mabenchi ya kanisa. Nilimkuta peke yake na randa mkononi. Nikamwambia yote bila kupumzika: mawe yalikuwa yamekufa, mapya niliyaficha, kanda ni nzuri kuliko zote.

Aliiweka randa chini polepole.

"Kwa nini umepanda huu mlima wote kuniambia?"

"Sikuwa na raha."

"Kwa hivyo umekuja kunipa mimi hiyo kukosa raha yako."

Alisema kweli. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, "Na ule wa tatu?"

"Huo ndio moto. Huo huwezi kukaa kwa kiti."

"Niimbie. Lakini kwa mwendo wake."

Sauti yangu haifai hata kuita kuku, lakini niliimba. Yeye alifuata kwa vidole juu ya ubao, haraka, sawasawa, wimbo ambao hakuwahi kuusikia. Nilipomaliza, vidole viliendelea kidogo, kisha vikatulia.

"Mwalimu, mimi nilisimama mbele ya watu nikasema sijaacha kitu," akasema. "Wakanipigia makofi. Kumbe nilimpa Mungu mbuzi kilema."

Nikamwambia kanda bado iko nyumbani kwangu. Aje siku yoyote, mwaitu atafunga mlango, hakuna atakayejua. Alifikiri. Nilimwona akifikiri, na naapa nilitamani akubali.

"Hapana," akasema. "Leo ndiyo nimempa mbuzi mzima."

Akaiokota randa, akaipitisha juu ya ubao mara mbili. Kisha akaketi chini katikati ya maranda akalia kama mtu aliyefiwa, nami nikaketi kando yake.