Ukoka wa Mzee Projestus

Mzee Projestus, karani mstaafu, alijivunia vitu viwili hapa mtaani kwetu Kunduchi: ukoka wa mbele ya nyumba yake, uliokuwa kijani hata kiangazi kikiwaka, na choo chake, ambacho hakijawahi kujaa. Gari la kunyonya maji taka likija kwa mtu, yeye alitoa kiti barazani akalitazama kama mechi.

"Mie fundi wangu alichimba mpaka kwenye mchanga," alikuwa akisema. "Nyie mlichimba mpaka kwenye bajeti."

Masika yalipokolea, ukoka ukaanza kubonyea. Ukikanyaga unasikia bwichi, mguu unaondoka, kandambili inabaki. Harufu nayo ikaja, ile ambayo watu wenye adabu husingizia mtaro. Na Jumamosi washenga walikuwa wanaleta barua ya posa ya binti yake, Auleria, na ukumbi ni uwanja huohuo.

Mzee hakuhangaika kuchunguza. Mvua zikinyesha, kuna watu hutoboa mashimo yao ya choo ili maji yabebe uchafu mpaka kwa wenzao, ndiyo kutapisha choo. Na jirani wa upande wa mwinuko ni Bi Tunu. Kesi imekwisha. Akamfuata mlangoni.

"Bi Tunu, mvua isiwe sababu ya kunitumia mizigo."

"Mizigo ipi, Baba Auleria? Gari si lilikuja kwangu juzi tu, na wewe ulikuwa umekaa hapo unashangilia?"

"Tutakutana serikali ya mtaa."

"Twende hata sasa hivi. Ila vaa mabuti, kwako hakupitiki."

Auleria hakuwa na muda wa serikali ya mtaa. Alinunua bluu ya kufulia yote iliyokuwepo dukani, akaimimina kwenye choo chao wenyewe, akaflashi na kuflashi mpaka baba yake akauliza amekula nini. Kesho yake ukoka ukatoa madimbwi ya bluu.

"Baba, njoo uone mizigo ya Bi Tunu."

Mzee akayatazama kwa makini. "Labda naye anatumia bluu."

"Baba!"

Ukweli ni kwamba mwaka jana, ili bustani yake iwe juu kuliko za wenzake, mzee alimwaga kifusi cha mfinyanzi, na lori likapita juu ya shimo la kunyonya maji ya choo, lililo chini ya ukoka. Shimo likabonyea, mfinyanzi ukaziba. Maji taka yakakosa pa kuzama, yakapanda. Choo hakikuwa kinajaa. Kilikuwa kinamwagilia bustani.

Dawa ni gari lije linyonye, kisha kifusi kifukuliwe. Lakini gari lije kwake, mchana, watu wanaona?

"Tuahirishe posa," alisema mzee. "Tuseme nina malaria."

"Baba, huyu mtu nimemsubiri kuliko wewe ulivyosubiri kiinua mgongo. Malaria yako itapona, yeye hatarudi."

Ndipo Mzee Projestus akarudi kwa Bi Tunu, safari hii akibisha hodi.

"Umekuja na mwenyekiti?"

"Nimekuja kuomba uwanja."

Bi Tunu alicheka mpaka akashika mlango. "Chukua. Na turubai nitakufungia."

Jumamosi washenga wakaketi uwanjani kwa Bi Tunu. Gari la maji taka, lililoahidi kuja asubuhi, likafika katikati ya hotuba, likaingia kwa mzee kinyumenyume, likaanza kunguruma. Upepo ukafanya kazi yake. Mshenga mkuu, Mzee Elibariki, akaziba pua kwa bahasha ya posa.

"Jamani, ile nyumba ya nani?"

Bi Tunu akatazama juu kama anayehesabu mawingu. Mzee Projestus akamwona binti yake dirishani kwa Bi Tunu, ameshika pazia kama anataka kulichana. Akajikohoza.

"Yangu. Hapa tumeazima."

Mzee Elibariki akashusha bahasha. "Ahaa! Afadhali umesema wewe kwanza. Kwa kijana wetu chemba za choo zimeziba tangu Pasaka, tulikuwa hatujui jambo hilo tuliingizeje kwenye mazungumzo."

Auleria akapiga kigelegele, na barua hata haijafunguliwa.