Mama Kava, anayechapa insha za wanafunzi kwa masikio

Saa mbili asubuhi, kibanda cha uchapaji kilicho mkabala na geti la chuo kimeshafunguliwa na foleni imefika barazani. Ndani, mwanamke wa makamo ameweka vidole kwenye kibodi, uso ameuelekeza ukutani. Kompyuta wala haitazami. Kando yake mwanafunzi mrefu anasoma kwa sauti insha yake ya historia, na vidole vya mama vinamfuata neno kwa neno.

"Subiri, mwanangu, hapo umeniacha," anamkatiza. "Huyu mfalme si umeshamzika ukurasa uliopita? Sasa mkataba anausaini kwa mkono gani?"

Foleni nzima inaangua kicheko. Mwanafunzi anapekua karatasi zake, anajikuna kichwa, kisha anakiri kwamba kachanganya baba na mwana. Anaambiwa akae pembeni aziweke sawa, mwenzake aendelee.

Wanafunzi wanamwita Mama Kava, kwa sababu ya zile kava ngumu anazofungia kazi zao. Jina lake hasa wengi hawalijui, na mwenyewe hana haja ya kulitangaza. Hapa kwake hapaishi mambo. Asubuhi moja ataanza na mjane wa kwenye riwaya, apitie mapinduzi ya huko na huko, aingie kwenye filamu, na kabla ya chakula cha mchana awe ameshafika kwenye minyoo ya tumboni.

"Shule mimi niliishia njiani," anasema. "Lakini kwa hizi insha za hawa watoto, nimesoma jamani. Nimesoma mpaka nikashiba."

Ana sharti moja tu, nalo halina mjadala. Insha huiachi mezani ukaenda zako kunywa chai. Unakaa, unamsomea mwanzo mpaka mwisho, naye anachapa. Mgeni hudhani ni maringo. Wenyeji wa pale wanajua sababu, na wanaitaja kwa upole: Mama Kava haoni maandishi.

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anaona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu akipita, basi. Kibodi haimsumbui, maana uchapaji alijifunza enzi za taipureta, na mwalimu wake wa uhazili alikuwa akiwafunika mikono kwa kitambaa ili wasichungulie. Walimchukia yule mwalimu, anakumbuka, na leo kila akikaa kazini anamwombea dua.

Haikuwa wazi hivi tangu mwanzo. Kwa muda mrefu alificha, hata kwa mume wake, fundi cherehani ambaye kazi yake yote ni kutazama vitu vidogo. Akiulizwa kwa nini anafinya macho, anasema ni uchovu. Dukani akawa anasogeza karatasi mpaka ziguse pua, na wanafunzi wakidhani anazinusa.

"Niliogopa, nisikudanganye," anasema. "Nani atampa insha yake mtu asiyeona? Nikajikaza kisabuni."

Mambo yakaharibika siku alipofunga insha mbili kwa mpigo. Moja ilikuwa ya mwanafunzi wa sayansi, juu ya namna moyo unavyosukuma damu. Ya pili ilikuwa ya mwanafunzi wa filamu, iliyouliza kwa nini picha isiyo na sauti huweza kumliza mtu. Zote zilikuwa na kurasa sawa. Printa ilizitoa zikalaliana, naye akazitenganisha kwa kupapasa unene. Karatasi za mwisho zikabadilishana.

Basi insha ya moyo ikaenda vizuri, damu ikaingia na kutoka, mishipa ikaelezwa yote, halafu mwishoni ikatangaza kwamba ndiyo maana watazamaji hutoka ukumbini wakifuta machozi. Mhadhiri akaandika pembeni kwa wino mwekundu: Watazamaji gani? Ile ya filamu ikahitimishwa kwa onyo kwamba valvu zisipofunga sawasawa damu hurudi nyuma. Inasemekana mwalimu wa filamu aliisoma, akaweka alama nzuri na hakuuliza kitu.

Mwenye insha ya moyo, binti wa mwaka wa pili, alikuja kibandani amefura. Anakiri mwenyewe kwamba alikuja kugombana. Alimwekea Mama Kava ile karatasi mkononi, akamtaka aisome yeye, kwa sauti, kila mtu asikie alichofanya.

Mama Kava aliipokea, akainyanyua. Aliishika juu chini.

"Nilikuwa na maneno mengi sana mdomoni," anasimulia yule binti. "Yote yakaisha. Nikaona kumbe mama wa watu haoni, na sisi tunamrundikia makaratasi."

Akaigeuza ile karatasi taratibu mikononi mwa mama, asimwaibishe mbele za watu. Wateja walipoondoka, Mama Kava akalia, akasema yote. Alisubiri kuambiwa afunge duka. Badala yake binti akavuta kiti, akafungua insha yake nyingine, akamwambia: "Basi mama, mimi nitakusomea. We chapa."

Hivyo ndivyo sharti lilivyozaliwa. Binti aliwaeleza wenzake wachache, wakaja kusoma nao. Ajabu ni kwamba insha zenyewe zikaanza kunyooka, kwa sababu mtu akisikia sentensi yake mwenyewe inavyochechemea anaona aibu, anairekebisha papo hapo. Aliyenakili kwa mwenzake naye hujulikana mapema. Anajikwaa kila mstari, na Mama Kava humuuliza kwa huruma kama mwandishi mwenyewe yuko njiani.

Mume wake alipoambiwa alinuna siku nzima. Hakukasirishwa na macho, alikasirishwa na kufichwa. Kesho yake akamshika mkono, akamvusha barabara mpaka kibandani, na hajaacha tangu hapo. Njiani humweleza kila wanachokipita, na Mama Kava anasema mzee anatia chumvi, lakini anamwacha aendelee kwa sababu anapenda kumsikia.

Binti huyo huyo ndiye aliyempeleka kwa shangazi yake, muuguzi wa kliniki ya macho. Daktari amepanga kumfanyia upasuaji wa jicho la kulia Alhamisi hii. Hakumficha kitu: ukungu ni mzito mno, nyuma yake hapaonekani, na hawezi kujua jicho lina uzima gani mpaka auondoe. Huenda akaona kama zamani, na huenda asiongeze kitu.

Kwa hiyo wiki hii Mama Kava anachapa huku moyo uko juu. Usingizi unamjia kwa shida na chai inapoa mbele yake. Lakini ukimuuliza kama anasikitika, anatikisa kichwa.

"Nisikitike nini? Nilificha nikidhani nikijulikana nitaachwa peke yangu. Angalia foleni hiyo. Namshukuru Mungu na nawashukuru hawa watoto, hata jicho lisipofunguka."

Binti wa sayansi anamaliza chuo muhula huu. Wamekaa pamoja insha baada ya insha, na Mama Kava humtambua kwa hatua zake tangu barazani, ila sura yake hajawahi kuiona. Binti humtania kwamba asitegemee makubwa, sauti yake ndiyo nzuri kuliko sura.

"Mwache aseme," anajibu Mama Kava, akipapasa kava ya insha ya mwisho ya binti huyo, iliyofungwa jana. "Nikifunguliwa bandeji nikaona, namwita akae hapa anyamaze. Hii nitamsomea mimi, mpaka mwisho. Na kila nikimaliza ukurasa nitamtazama."