Sakafu Iliyotujua kwa Hatua

Enzi zetu sakafu ya mbao haikung'olewa kwa kosa la kulia. Ikilia, mtu alishuka chini yake akaiuliza inaumwa wapi. Nasema hivi nikiwa bado na hasira, na Mungu ananijua. Miaka mingi nimefundisha watoto katekisimu, nimewahimiza kuvumilia, na mwenyewe nimejitahidi. Lakini mwezi uliopita uvumilivu wangu ulinikimbia nikiwa nimekaa barazani kwangu, Misungwi, nachambua maharage. Simu ililia. Alikuwa Deus, mtoto wa marehemu kaka yangu Leo.

"Shikamoo shangazi. Wiki ijayo tunang'oa ile sakafu ya babu, tunaweka marumaru. Inapiga kelele mno."

"Marahaba. Bibi yako anasemaje?"

"Bibi haoni, shangazi. Marumaru hazitamsumbua."

Haoni! Mama yangu macho yalimzimika miaka mingi iliyopita, ni kweli. Lakini hadi leo anatoka chumbani mwake bila fimbo wala mkono wa mtu, anavuka sebule, anakaa kwenye kiti chake dirishani na kusali rozari. Hajaanguka hata mara moja, kwa sababu mbao zinamshika nyayo. Mweke kikongwe yule juu ya marumaru zilizomwagikiwa maji, halafu uniambie hazitamsumbua. Nilifunga maharage yangu nikaondoka kwenda mjini, nyumbani kwa Mama.

Njiani nilikuwa namkumbuka Baba. Alivuka ziwa kwa meli kutoka Bukoba, fundi seremala mwenye sanduku moja la vifaa, akapewa kiwanja mlimani, kule mjini kando ya ziwa, ambacho wenzake walikikataa. Kilikuwa mawe matupu, mawe makubwa kama tembo waliolala. Baba hakuyapasua. Alisema Mungu akishaweka msingi, binadamu asimfundishe kazi. Akasimamisha nguzo juu ya mawe, juu ya nguzo akalaza boriti za mvule, juu ya boriti mbao za kawaida, na juu kabisa mbao za mninga alizozipiga randa mpaka zikang'aa kama chai ya rangi. Ndiyo maana nyumba yetu ilikuwa na uvungu. Upande wa bondeni mtoto aliweza kusimama humo, na upande wa mlimani alitambaa kwa tumbo. Kulikuwa na ubaridi wa mawe, harufu ya vumbi, na kuku aliyeficha mayai yake.

Kila Jumamosi tulipaka sakafu nta. Hatukuwa na mashine. Tulikuwa na blanketi kuukuu. Mmoja alikaa juu yake, wengine wakamburuta sebule nzima, na kadiri alivyokuwa mnene ndivyo mbao zilivyong'aa. Kaka yangu Leo ndiye aliyependwa sana kwa kazi hiyo. Na msimu wa senene, wale panzi wa kukaanga, ulipofika, tulikaa sakafuni tukiwanyonyoa mbawa, wengine wakituponyoka na kuingia kwenye nyufa, ukasikia wakigonga gonga chini ya miguu yako hadi usiku. Watoto wa leo ukiwaonyesha senene wanapiga picha kwanza.

Kiangazi kikishika, mbao zilinyauka na kuanza kulia. Hapo Baba aliita familia yote kazini. Mama alijitwika ndoo ya maji ili uzito wake utimie, akawa anapita ubao kwa ubao, taratibu, kama anayepokea komunyo. Mimi niliyekuwa mwembamba nilikuwa uvunguni na mshumaa na chaki. Mama akikanyaga ubao ukalia, alisimama na kusema, "Hapo." Mimi nilitazama juu nikaona ubao ukipumua, ukishuka na kupanda juu ya boriti, nikaweka alama. Kisha Baba aliingia na kabari alizochonga kwa mabaki ya mninga mkavu, akazipaka gundi na kuzisukuma kwenye mwanya kwa kidole gumba. Nilimwuliza kwa nini hatumii nyundo. Akanijibu jambo ambalo nimelitumia maisha yangu yote, darasani na nyumbani: "Kabari hubisha hodi, haivunji mlango." Ukiipiga kwa nguvu, ubao unanyanyuka, na jirani yake ambaye alikuwa mzima anaanza kulia.

Sitajifanya malaika. Siku moja mimi na Leo tulitaka kutoroka mchana, Mama amelala, twende kuogelea ziwani, kitu tulichokatazwa kabisa. Adui yetu alikuwa ubao wa mlangoni. Leo alikuwa amemwona fundi baiskeli akitia mnyororo mafuta ukanyamaza. Sisi mafuta tuliyokuwa nayo ni ya kamongo, samaki yule mwenye mafuta kama nguruwe, yaliyobaki kwenye sufuria ya jana. Tukayamimina kwenye nyufa. Ubao ulinyamaza kweli. Tukaenda, tukaogelea, tukarudi tukijipongeza. Kesho yake mlangoni palikuwa na paka watatu, na kesho kutwa siafu walifika kwa msafara, wakaingia hadi kwenye godoro la Baba. Hakutupiga. Alitupa majivu, sabuni ya mche na brashi, akasimama pembeni akitutazama tukisugua hadi magoti yakachubuka. "Dhambi ukiipaka mafuta haiondoki," alisema. "Inanuka tu."

Basi nilipofika nyumbani nilikuta hawakungoja hata hiyo wiki ijayo. Deus alikuwa amemleta fundi aitwaye Masanja, mtu mzima na ndevu zake, ajaribu kwanza kuunyamazisha ubao wa mlangoni kwa misumari. Misumari ya inchi sita! Alikuwa ameipigilia kutoka juu, kwenye mninga, bila kutoboa kwanza. Ubao ulikuwa umepasuka katikati kama mdomo wa kiangazi, na bado unalia.

"Mbao imeoza hii, mama," akaniambia.

"Imeoza wapi? Umeshuka uvunguni?"

"Uvunguni kuna nini?"

Mungu anisamehe kwa niliyomjibu. Sehemu yake yenye staha ilikuwa: "Kuna sakafu, mwanangu. Huku juu ni uso wake tu."

Deus aliinua mikono. "Shangazi, usikasirike. Nikiamka kwenda kazini, nyumba nzima inaamka. Mtoto analia, mke wangu ananuna. Nifanyeje?"

Hapo nilikiri moyoni kwamba ana shida ya haki. Lakini anayeumwa jino hakatwi kichwa. Nikamwambia: "Nipe leo na kesho kutwa. Ikishindikana, ng'oa, na Mama nitamchukua mimi Misungwi."

Mama alikuwa kitini pake, shanga mkononi. Vidole vyake viliacha kutembea.

Masanja tulimwomba achonge kabari, na nakiri ana mkono mzuri akielekezwa. Deus aliingia uvunguni na tochi ya simu, akilalamika kuhusu buibui. Mimi na umri wangu nikajitwika ndoo ya maji. Mke wa Deus alicheka mpaka akakaa chini.

"Hapo!" nikasema.

"Naiona, shangazi! Inapanda na kushuka!" Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Nipige?"

"Usipige! Bisha hodi."

Tulifanya kazi siku hiyo, Jumamosi, tukapumzika Dominika, tukamaliza Jumatatu. Misumari ya Masanja tuliing'oa, ule ubao uliopasuka tukaufunga kwa skrubu zilizosuguliwa sabuni ili ziingie bila kuuumiza. Jioni nilipita nyumba nzima sikusikia hata mlio mmoja. Nilimshukuru Mungu na, nisiseme uongo, nilijivuna kidogo.

Asubuhi nilimkuta Mama amesimama katikati ya sebule, mkono mbele, akipapasa hewa. Kiti chake kilikuwa hatua nne kushoto. Deus alikuwa amesimama karibu naye kabisa, amevaa tayari kwa kazi, naye Mama hakujua.

"Nani yupo hapa?" akauliza. "Niko wapi?"

Nikamkimbilia. Nikamshika mkono nikamwongoza kitini. Miaka yote hiyo ni milio ya mbao iliyokuwa ikimwambia: huu mlango, hapa katikati, hapa geuka. Mimi niliyemkasirikia Masanja kwa kutotazama chini, mimi mwenyewe sikumtazama mama yangu.

Mama alipokaa, akatulia, akatikisa kichwa. "Kimya hiki nakifahamu," alisema. "Ni kimya cha mafuta ya kamongo. Mlidhani nimelala siku ile? Nyumba hii ikinyamaza, najua kuna mtu anatoroka."

Nilikuwa bado nacheka na kulia nilipoona Deus hayupo. Alikuwa ameshuka uvunguni na suruali yake ya kazini. Tukasikia akigonga, kitu kikachomoka. Mara ya pili, ya tatu. Akatoka na kabari tatu kiganjani: ya mlango mkubwa, ya katikati ya sebule, na ya mlango wa Mama. Chumba cha mtoto hakukigusa.

Enzi zetu mtu aliingia nyumbani akasikika, akaitwa kwa jina kabla hajavua viatu. Siku hizi watu wanapitana juu ya marumaru kama moshi, kila mmoja na simu yake, na nyumba ikikaa kimya tunasema ni amani. Wakati mwingine ni amani. Wakati mwingine ni kwamba hakuna anayejua mwenzake amesimama wapi. Hilo ndilo linalonikasirisha hadi leo, na safari hii nilikuwa nimelifanya kwa mikono yangu.

Deus alifuta magoti, akavuka mlango mkubwa taratibu. Ubao ukalia kama zamani.

"Huyo ni Deus," Mama akasema, na vidole vikaanza tena kutembea kwenye shanga. "Anakanyaga kwa kisigino kama baba yake. Pita, mwanangu, umechelewa kazini."